Sowans ni nini? Uji mchachu wa Waskoti uliotoka kwenye makapi

Sowans ni uji laini, mchachu, ambao Waskoti waliupika kwa karne nyingi kutokana na wanga ulioganda kwenye makapi ya oti baada ya nafaka kusagwa. Jina lenyewe limetoka Kigaeli, lugha ya Nyanda za Juu za Uskoti, kwenye neno sùghan, ambalo asili yake ni majimaji yanayokamuliwa katika kitu. Kwa hiyo usiuchanganye na uji wa kawaida wa oti. Unga mzuri ulikwenda kwenye uji huo na kwenye mikate mikavu iliyookwa juu ya bamba la chuma. Sowans ilianzia pale unga ulipoishia.

Kwanza nafaka yenyewe, kwa sababu kamusi zetu zinatuchanganya. Mara nyingi oti huitwa shayiri, na shayiri nayo huitwa shayiri, lakini ni mimea miwili tofauti. Uskoti walilima yote miwili. Shayiri ilitiwa kwenye supu na kutengenezewa bia na wiski. Oti ndiyo iliyomlisha mkulima asubuhi, mchana na jioni. Ngano hutaka kiangazi kirefu chenye jua, na sehemu kubwa ya Uskoti haina. Oti huvumilia baridi, mvua na udongo wenye tindikali. Mwingereza Samuel Johnson, katika kamusi yake ya 1755, aliieleza oti kuwa ni nafaka ambayo Uingereza kwa kawaida hupewa farasi, lakini Uskoti ndiyo inayowabeba watu. Alikusudia kuchokoza, ila kuhusu Uskoti alisema kweli tupu: watumishi wa mashambani walilipwa sehemu ya ujira wao kwa unga wa oti, uliopimwa kwa kipimo kilichoitwa boll, karibu kilo 63 na nusu.

Sasa twende kinuni, maana bila kinu cha zamani sowans haieleweki. Oti ilikaushwa kwanza kwenye tanuri, ikapata harufu ya kukaangwa kidogo, kisha mawe ya kinu yakatenganisha kiini na ganda. Mawe hayakufanya kazi hiyo kwa ukamilifu. Vipande vya maganda ya ndani vilitoka vikiwa bado vimepakwa unga mweupe, na vipande hivyo viliitwa sids. Msagaji alivifungasha kwenye mfuko na kumrudishia mwenye nafaka pamoja na unga wake. Mkulima huyo mara nyingi alikuwa amefungwa na masharti ya ardhi asage kwenye kinu cha kabaila wake tu, na sehemu ya nafaka ikabaki huko kama malipo. Ukishakatwa hivyo, hutupi makapi yenye unga.

Mama wa nyumba aliyamimina makapi hayo kwenye pipa dogo la mbao, akayamwagia maji ya uvuguvugu mpaka yakafunikwa, akaliacha pipa mahali pasipo na baridi kali. Siku kadhaa zilipita, wiki nzima au zaidi wakati wa majira ya baridi, hadi makapi yakaelea na maji yakaanza kunuka uchachu. Aliyewahi kuvundika uji wa mtama au mahindi anaijua harufu hiyo, kali kidogo puani lakini si ya kitu kilichooza. Kazi hiyo hufanywa na bakteria wa asidi ya laktiki, walewale wanaogandisha maziwa ya mtindi, na asidi yao ndiyo inayozuia vijidudu vya kuozesha.

Kisha yakachujwa. Makapi yalikamuliwa kwa mkono juu ya chujio, yakaongezwa maji kidogo, yakakamuliwa tena ili tone la mwisho la wanga litoke, na hapo ndipo yalipotupwa au kupewa mifugo. Maji meupe yaliyopatikana yaliachwa yatulie siku moja au mbili. Wanga ukazama chini kama tope laini la chokaa. Juu yakabaki maji mepesi machachu yaliyoitwa swats, ambayo watu waliyanywa kama kinywaji. Mpishi alichota tope lile, akalilegeza kwa maji, akatia chumvi, akalibandika motoni huku akikoroga bila kupumzika kama dakika kumi. Lilianza jeupe kama maziwa, likaishia zito lenye kung'aa. Hapo mkono haukutakiwa kusita hata kidogo, maana wanga mtupu hufanya mabonge upesi kuliko unga. Uji ulimiminwa kwenye bakuli na kuliwa na maziwa baridi pembeni.

Wengi wakiisikia habari hii hukimbilia kusema ni chakula cha dhiki. Dhiki ilikuwepo, sikatai, lakini neno hilo halitoshi, kwa sababu sowans ilikuwa pia chakula cha sherehe. Robert Burns, mshairi mkubwa wa Uskoti, analimaliza shairi lake la 1785 kuhusu usiku wa Halloween kwa bakuli la sowans yenye siagi linalofuka mvuke, na kwenye maelezo yake mwenyewe anasema kwamba sowans yenye siagi badala ya maziwa ndiyo daima chakula cha jioni hiyo. Kaskazini-mashariki, mkesha wa Krismasi uliitwa kabisa Usiku wa Sowans. Ilipikwa nyepesi ya kunywewa, ikatiwa asali au molasi, na wenye nacho wakaongeza wiski. Yaani makapi yaleyale ya Jumatatu ndiyo yaliyowekwa mbele ya wageni siku kuu, na mwenyeji hakuona haya.

Ilifanya kazi hata nje ya jiko. Wafumaji wa nguo waliipaka kwenye nyuzi za mtande kabla ya kufuma, zikakakamaa na zisikatike ovyo kwenye kitanda cha mfumi.

Mapishi yake yalikaa zaidi vichwani mwa wanawake kuliko vitabuni. Tunamshukuru F. Marian McNeill, mzaliwa wa visiwa vya Orkney, aliyekusanya mapishi ya Kiskoti kwenye kitabu chake cha 1929 wakati mengi yakiwa tayari yanapotea. Kufikia hapo chai, sukari na mkate mweupe wa dukani vilikuwa vimeshaingia hadi vijijini, na vinu vidogo vya maji vilikuwa vikifungwa kimoja baada ya kingine.

Ukitaka kuipika leo, pakiti ya oti bapa haitakufikisha. Hizo zimeshamenywa maganda yote, zikafukizwa kwa mvuke, ndipo zikabanwa kwa mashine, na makapi yake yamebaki kiwandani. Inabidi umtafute msagaji ambaye bado anatumia mawe, umwombe mfuko wa sids.