Bustani ya kiangazi hutengenezwa wakati wa mvua

Simu nyingi huja kiangazi kikishapamba moto. Nyasi zimekauka, vichaka vinanyauka, na mwenye bustani anataka kujua aongeze maji kiasi gani. Mimi huuliza kwanza: mvua zilipokuwa zinanyesha, maji yalikuwa yanaelekea wapi? Bustani iliyoyaacha maji ya mvua yakimbilie mtaroni huingia kiangazi ikiwa na deni, na mpira wa maji haulipi deni lote.

Kwa hiyo sichori ramani ya bustani kabla sijaona kiwanja kikinyeshewa. Navaa mabuti, nachukua vigingi, natoka mvua ikiwa bado inamwagika. Maji yanapotuama napiga kigingi. Yanapokimbia kwa kasi na kubeba udongo, naweka alama nyingine. Karibu na nyumba ardhi iteremke kuelekea nje, angalau sentimita 2 kwa kila mita, ili msingi usiloe. Mbali na nyumba mambo hugeuka, kwani huko nataka maji yapunguze mwendo na yazame. Kitanda cha maua kilichoinama kidogo katikati, au tuta dogo linalokata mteremko, hufanya kazi kubwa kuliko bomba lolote nitakalolaza baadaye.

Ili kujua kama udongo wenyewe unapitisha maji, chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini na sentimita 30 upana. Lijaze maji, yaache yaishe, kisha lijaze tena na uanze kupima. Yakishuka sentimita 2 au 3 kwa saa, mimea mingi itafurahi hapo. Kama kesho yake bado kuna dimbwi, usipande mti usiopenda kulowa miguu, hata uwe mzuri namna gani kule kitaluni. Utazame pia udongo uliotoka shimoni. Kwenye viwanja vya nyumba mpya mara nyingi utakuta safu nyembamba nyeusi juu, chini yake kifusi na vipande vya saruji, kisha udongo ulioshindiliwa na magari ya ujenzi hadi unatoka kwa mapande bapa, bila tundu hata moja la mzizi. Mbolea haisaidii kitu hapo. Ondoa kifusi, tifua kwa jembe uma, changanya mboji. Udongo wa mfinyanzi ukiwa umelowa usiukanyage wala usiulime. Subiri hadi donge lipasuke ukilibonyeza kwa kidole gumba.

Jua nalo lina majira yake, na wachoraji wengi hulisahau. Kwa walio karibu na ikweta, jua la mchana huwa upande wa kaskazini mwezi Juni na upande wa kusini mwezi Desemba. Kitanda kilicho chini ya ukuta unaotazama kaskazini hupata jua kali nusu ya mwaka, na nusu nyingine kikawa kivulini. Ukikiona mara moja tu ukapanda, umepanda kwa kubahatisha.

Miti na vichaka napanda mvua zinapoanza kukolea, ili mizizi ipate msimu mzima wa kuenea. Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya bonge la mizizi, lakini lisizidi kina chake. Pale shina linapotanuka kuwa mizizi paonekane juu ya ardhi. Mti uliofukiwa shingo hudhoofika taratibu, na huenda ikachukua miaka kabla mwenyewe hajagundua.

Mvua zikikaribia kuisha, udongo ukiwa bado na unyevu, ndipo natandaza matandazo: majani makavu, vipande vya matawi yaliyosagwa, nyasi zilizokauka. Unene wa sentimita 5 hadi 8 unatosha. Usiyarundike kwenye shina; acha nafasi ya kiganja kuzunguka, la sivyo gome litaoza. Kazi hii ndiyo ningeichagua kama ningeruhusiwa kufanya moja tu kwa mwaka mzima.

Kiangazi kikifika, mwagilia kwa kina, si kila siku. Milimita 1 ya maji kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo ndoo ya lita 20 kwenye eneo hilo ni sawa na mvua ya milimita 20. Mwaga asubuhi mapema, polepole, kisha kesho yake chimba kidogo uone unyevu umefika wapi. Kunyunyizia kidogo kila jioni huiweka mizizi juujuu, palepale jua linapochoma. Mti mkubwa usiumwagilie shinani; mizizi laini inayonyonya iko mbali zaidi, chini ya ukingo wa matawi na hata nje yake.

Nyasi ziache ndefu kidogo msimu huu, na usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mara moja. Jani refu hulisha mzizi mrefu na kuufunika udongo kwa kivuli chake. Mbolea yenye naitrojeni nyingi ingoje mvua, maana machipukizi mororo yatadai maji ambayo huna.

Kupogoa hutegemea ua linakotokea. Kichaka kinachochanua kwenye matawi ya zamani kikatwe mara tu maua yanapoisha. Kinachochanua kwenye machipukizi mapya kikatwe kabla hakijaanza kuchipua. Tawi nene kata kwanza kwa chini, umbali kidogo kutoka shinani, ili gome lisichanike, ndipo umalizie nje kidogo ya uvimbe unaozunguka tako la tawi. Kidonda usikipake rangi wala lami. Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa Marekani, alionyesha tangu miaka ya 1970 kwamba mti hauponyi mbao zilizoharibika, bali huzizingira kwa kuta zake wenyewe na kuendelea kukua kwa nje. Uvimbe ule ukikatwa, kinga hiyo hudhoofika.