Unanunua mwanya: kuchagua na kuhudumia mashine ya kunyolea ya zamani inayorekebishwa

Kwenye mashine za kunyolea za wembe wa makali mawili kuna jamii moja yenye pete ya namba chini ya kichwa, kuanzia 1 hadi 9. Ukizungusha pete, mwanya kati ya makali na ukingo wa usalama, yaani upau ulio chini ya makali unaogusa ngozi, hupanuka au hubana. Namba ndogo wembe unapapasa, namba kubwa unauma. Mng'aro, sanduku la asili na mwaka wa kutengenezwa vina raha yake, lakini ngozi yako itajua mwanya tu. Kwa hiyo kagua mwanya kabla ya kitu kingine chochote.

Nyingi utakazokutana nazo ni Gillette za Marekani. Ile nene, ambayo wakusanyaji huiita Fatboy, ilitengenezwa kuanzia 1958 hadi 1961 na iliuzwa dola 1.95. Ikafuata Slim, 1961 hadi 1968, yenye mpini mwembamba na kichwa kinachofika vizuri chini ya pua. Kisha Super Adjustable yenye mpini mweusi. Kwa anayeanza mimi napendekeza Slim: zilitengenezwa nyingi, bei yake haijapaa kama ya Fatboy, na kazi ni ileile. Zile za Marekani zina herufi na namba chini ya kichwa. Herufi ni mwaka, namba ni robo ya mwaka. J2, kwa mfano, ni robo ya pili ya 1964. Na uzuri ni kwamba umbo la wembe wa makali mawili halijabadilika. Wembe wowote wa aina hiyo kutoka dukani leo utaingia.

Unaponunua kwa picha, omba picha tano: milango, yaani vile vifuniko viwili vya juu vinavyobana wembe, ikiwa wazi kabisa, milango ikiwa imefungwa, kichwa kikitazamwa kutoka ubavuni, na pete ikiwa kwenye 1 kisha 9. Milango ikifungwa lazima ilale bapa, bila upande mmoja kuinuka. Ncha za milango ndizo zinazopinda mashine ikianguka sakafuni, na zikishapinda hakuna kipuri. Pete isimame yenyewe kwenye 1 na kwenye 9. Ikizunguka na kupitiliza, ujue kizuizi cha ndani kimeharibika au kuna fundi aliyeifungua akashindwa kuirudisha. Iache. Nikeli iliyochubuka hadi shaba ya njano kuonekana haizuii kunyoa, ila vishimo vya kutu kwenye ukingo wa usalama vitakukwaruza.

Mashine ikishafika mikononi, weka wembe mpya, funga hadi mwisho, kisha inua kichwa usawa wa jicho dhidi ya mwanga. Makali yaende sambamba na ukingo, na upande wa kushoto ulingane na wa kulia. Zisipolingana, usiilaumu mashine haraka. Fungua, geuza wembe kichwa chini miguu juu, funga tena. Kasoro ikihama, wembe ndio mbovu. Ikibaki palepale, iko kwenye mashine, na mara nyingi sana ni uchafu tu: utando wa sabuni uliogandana na chokaa ya maji chini ya wembe, pembeni mwa kitako chake. Wembe wenyewe una unene wa takriban milimita 0.1, basi utando mwembamba kama huo unatosha kuunyanyua kona moja.

Hapo ndipo huduma inapoanza. Chukua maji ya moto ambayo mkono unaweza kuvumilia, tia matone machache ya sabuni ya vyombo, loweka mashine ikiwa wazi kwa dakika 20 hadi 30. Maji yanayochemka usitumie. Nikeli iliyoanza kuachia itabanduka. Kisha sugua kwa mswaki laini: chini ya milango, kwenye bawaba, kuzunguka pete. Ukiwa bado ndani ya maji, fungua na kufunga kifundo cha chini ya mpini, kile kinachofungua milango, mara nyingi, na peleka pete 1 hadi 9 na kurudi. Utaona maji yakigeuka ya kijivu. Endelea hadi yatoke safi. Wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi nyingi watalazimika kurudia.

Siki huyeyusha chokaa, lakini hushambulia shaba pale nikeli ilipotoka. Ukilazimika, ichanganye na maji, dakika chache tu, suuza mara moja. Dawa za klorini za kung'arisha nguo hapana kabisa. Dawa ya meno ina mchanga laini unaokwaruza, na kwenye mashine zilizochovywa dhahabu itaondoa dhahabu yenyewe.

Kifundo kikigoma kuzunguka, usikimbilie koleo. Tia tone la mafuta ya kulegeza kutu pale kifundo kinapokutana na mpini, acha lilale usiku mzima, kisha kishike kwa kipande cha tyubu ya baiskeli na uzungushe kwa mkono. Ikishalegea, osha tena, kausha, halafu tia tone moja la mafuta ya cherehani chini ya mpini na moja kwenye kila bawaba. Mafuta ya kupikia huganda yakawa gundi. Mwisho zamisha kichwa kwenye spiriti ya asilimia 70 kwa dakika 10, kwa sababu kifaa hiki kiligusa damu ya mtu usiyemjua. Uoshaji utangulie, maana spiriti haipenyi uchafu.

Usiichomoe pete wala kufungua mpini. Sehemu za ndani zimebanwa kiwandani, na vipuri vyake havitengenezwi tena.

Kila unapobadili namba, legeza kifundo kidogo kwanza, zungusha pete, kisha kaza. Kuzungusha pete huku milango imebana wembe ndiko kunakochosha mtambo wa ndani. Anza na 3, ukishika mashine kwa mwinamo wa nyuzi 30 hivi, bila kugandamiza. Ndevu za siku kadhaa zinaweza kutaka 5 au 6 kwa mkupuo wa kwanza. Wenye ndevu za kujisokota na vipele vya shingoni wabaki 2 au 3, wafuate uelekeo wa ndevu, na waache kunyoa kinyume chake: unywele uliokatwa chini ya ngozi ndio unaorudi ndani na kuwa kipele.

Baada ya kunyoa, legeza kifundo nusu zungusho, suuza kati ya milango, kung'uta, na uiache ikauke hivyohivyo ikiwa imelegea. Na kama pete ya mashine yako imekufa kwenye namba moja, lakini mwanya ni sawa kushoto na kulia, usiitupe. Jua tu ni namba ngapi, kisha chagua wembe mkali zaidi au mpole zaidi kuifidia.