Kwa nini Kazakhstan ilipata uhuru, Chechnya ikakosa?

Umoja wa Kisovyeti ulipovunjika mwaka 1991, nchi 15 zilitoka humo na dunia ikazipokea moja baada ya nyingine. Chechnya, nchi ndogo ya milimani huko Kaukazi, nayo ilitangaza uhuru wake. Ilijiita Ichkeria, ikawa na rais, bunge, jeshi na nembo ya mbwa mwitu. Mlango haukufunguliwa. Kwa nini?

Sababu kubwa ni ngazi alizozipanga Stalin, mtawala wa Kisovyeti. Juu kabisa kulikuwa na jamhuri za muungano, kama Ukraine na Georgia, ambazo katiba iliziruhusu kujitoa. Chini yake kulikuwa na jamhuri zenye madaraka ya ndani tu, zilizowekwa ndani ya jamhuri kubwa, na hizo hazikuwa na ruhusa hiyo. Hadi mwaka 1936 Kazakhstan yenyewe ilikuwa ngazi ya chini, ndani ya Urusi. Mwaka huo ikapandishwa. Stalin alieleza masharti: jamhuri ya muungano lazima iwe pembezoni, ipakane na nchi za nje, wenyeji wake wawe wengi, na watu wake wasipungue milioni moja. Chechnya, iliyounganishwa na jirani yake Ingushetia, inapakana kusini na Georgia, na Georgia wakati huo ilikuwa ndani ya Umoja huo huo. Ikabaki chini, ndani ya Urusi.

Miaka 55 baadaye, ngazi hizo ndizo dunia ilizozitumia kuamua nani ni nchi. Kanuni yenyewe Waafrika tunaijua: mwaka 1964, Cairo, viongozi wetu walikubaliana kuheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru. Huko Kisovyeti, mipaka iliyoheshimiwa ilikuwa ile ya jamhuri za ngazi ya juu peke yake.

Kinachouma ni kwamba Wachechnya waliijua Kazakhstan vizuri mno. Tarehe 23 Februari 1944, kwa amri ya Stalin, walianza kukusanywa kijiji kwa kijiji na kupakiwa kwenye mabehewa ya mizigo. Wao na ndugu zao Waingushi, karibu watu nusu milioni, walipelekwa Kazakhstan na Kirgizia (leo Kirgizistani) kwa madai ya kushirikiana na Wajerumani. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa baridi, njaa na maradhi. Ruhusa ya kurudi ilikuja mwaka 1957. Miongoni mwa watoto wachanga waliosafirishwa alikuwemo Dzhokhar Dudayev, ambaye alikuja kuwa jenerali wa jeshi la anga la Kisovyeti, kisha rais wa kwanza wa Ichkeria. Uhuru aliutangaza Novemba 1991. Mwezi uliofuata Kazakhstan nayo ikatangaza wake, ukapokelewa bila ubishi.

Urusi iliingiza majeshi Desemba 1994, na Grozny, mji mkuu, ukapondwa kwa mabomu. Dudayev aliuawa kwa kombora Aprili 1996. Lakini Agosti mwaka huo wapiganaji wa Ichkeria waliurudisha mji mikononi mwao, na Urusi ikakubali kuondoa majeshi. Suala la hadhi ya Chechnya likaahirishwa hadi mwisho wa mwaka 2001.

Januari 1997 wananchi walimchagua Aslan Maskhadov kuwa rais, huku waangalizi wa kimataifa wakishuhudia. Tarehe 12 Mei alikaa Moscow na rais wa Urusi, Boris Yeltsin, wakatia saini mkataba wa kuacha kabisa matumizi ya nguvu baina yao. Mkataba uliitaja Jamhuri ya Chechnya ya Ichkeria kwa jina lake. Mimi sijui karatasi nyingine iliyoifikisha Ichkeria karibu zaidi na kuwa nchi.

Ila kushinda vita na kutawala ni kazi mbili. Maskhadov alishindwa kuwadhibiti makamanda wake. Utekaji nyara ukawa biashara, na mwishoni mwa 1998 wahandisi wanne wa simu kutoka ng'ambo walikatwa vichwa. Nani angefungua ubalozi hapo? Agosti 1999 kamanda Shamil Basayev akaivamia Dagestan, jirani iliyo ndani ya Urusi, na vita vya pili vikaanza. Siku ile ya mwisho wa 2001 ilipofika, Grozny ulikuwa magofu mikononi mwa Urusi. Maskhadov aliuawa Machi 2005.

Waliowahi kuitambua Ichkeria ni wachache, nao wenyewe walikuwa na shida ya kutambuliwa: Zviad Gamsakhurdia, rais wa Georgia, ambaye baada ya kupinduliwa alipewa hifadhi Grozny, na Taliban wa Afghanistan mwaka 2000. Kisha, Oktoba 2022, ikiwa yenyewe inapigana na Urusi, Ukraine ilipiga kura bungeni na kuitangaza Ichkeria kuwa nchi inayokaliwa kwa muda na Urusi. Waziri mkuu wa serikali ya Ichkeria iliyo uhamishoni, Akhmed Zakayev, alikuwa ameishi London kwa takriban miaka 20.