4.3 ya wapi?

Wazazi hunijia na namba moja tu, GPA, yaani wastani wa alama za mtoto: "Mwanangu ana GPA ya 4.3, ataingia chuo gani?" Nami huwajibu kwa swali: 4.3 ya wapi? Kazi yangu ni kusaidia familia kuandaa maombi ya vyuo vya Marekani, na hapo ndipo mazungumzo yetu huanza. Marekani haina mtihani mmoja wa taifa wa kumaliza sekondari. Kila shule au wilaya ya elimu hujipangia hesabu yake. Kwa kawaida A ni 4, B ni 3, C ni 2. Lakini shule nyingi huongeza pointi 1 kwa masomo ya AP, yaani masomo ya kiwango cha chuo ambayo mitihani yake hutolewa na College Board kila Mei. Nyingine haziongezi kitu. Kwa hiyo 4.3 ya shule moja yaweza kuwa 3.7 ya shule jirani, na mtoto ni yule yule.

Vyuo vinalijua hilo, na baadhi huiweka kando namba ya shule na kupiga hesabu upya. Mfano mzuri ni University of California. Hao hudai masomo 15 ya mwaka mzima: Kiingereza 4, hisabati 3, historia 2, sayansi 2, lugha ya pili 2, sanaa 1, na 1 la kuchagua. GPA yao huchukua alama za darasa la 10 na la 11 pekee, katika masomo ya makundi hayo tu. Ile A ya michezo haimo. Jumlisha na toa (A-, B+) hazihesabiwi. Pointi za ziada zipo, ila kwenye hesabu ya kutimiza masharti zina kikomo cha mihula 8.

Tuseme mwanafunzi ana alama 20 za muhula: A 12 na B 8. Hiyo ni 48 na 24, jumla 72. Gawanya kwa 20, unapata 3.6. Kati ya hizo, 12 ni za AP. Shule yake inaongeza pointi zote 12 na kumpa 4.2. California inaongeza 8 na kumpa 4.0. Hakuna aliyedanganya. Na kwa kuwa kiwango cha chini ni 3.0 kwa mkazi wa jimbo hilo na 3.4 kwa anayetoka nje, awe mkazi au asiwe, ametimiza masharti. Kupata nafasi kwenye kampasi zake zenye ushindani, Berkeley au Los Angeles, ni mambo mengine kabisa.

Sasa masomo ya kuchagua, ambayo watu huyaelewa vibaya zaidi. Hakuna ofisa udahili anayemkata mtu kwa sababu amesoma ufinyanzi. Anachotazama ni kile kilichoachwa ili ufinyanzi uingie. Chukua ratiba mbili za darasa la 12, mwaka wa mwisho wa sekondari. Ya kwanza ina Kiingereza, historia, takwimu, filamu, upishi, na kipindi cha kumsaidia mwalimu ofisini. Ya pili ina Kiingereza, historia, kalkulasi, fizikia, Kihispania cha mwaka wa nne, na ufinyanzi. Wa kwanza ana A tupu. Wa pili ana B ya fizikia. Kwa chuo chenye ushindani mkali, mimi ningechagua kuwa wa pili bila kusita, hasa kama anaomba uhandisi. Na ufinyanzi wake, kama ameufuata miaka mitatu mfululizo, unamjenga.

Kama shule haifundishi kalkulasi, mwanafunzi halaumiwi. Maombi huambatana na maelezo ya shule yanayoonyesha masomo inayotoa, na kwenye Common App, fomu moja ya kuomba vyuo vingi, mshauri wa wanafunzi huulizwa ratiba ya mtoto ni ngumu kiasi gani ukilinganisha na wenzake shuleni hapo.

Kuna mtego mmoja unaoniudhi. Texas, kwa sheria ya 1997, huwapa nafasi za moja kwa moja kwenye vyuo vikuu vya serikali wanafunzi walio katika 10% ya juu ya shule zao, ingawa University of Texas ya Austin imeruhusiwa kubana zaidi. Basi nafasi darasani inakuwa mali. Mwenye wastani wa 4.7 akipata A ya okestra isiyo na pointi za ziada, ile 4.0 inamshusha. Amefanya vizuri, ameadhibiwa! Baadhi ya watoto huacha muziki kwa sababu hiyo tu.

Ukitaka kujua chuo fulani kinathamini nini, usiniulize mimi. Tafuta Common Data Set yake, yaani taarifa ya takwimu ambayo chuo hutoa kuhusu chenyewe, sehemu ya C7. Hapo chuo chenyewe hutaja kama ugumu wa masomo, GPA au nafasi darasani ni "muhimu sana" au vinatazamwa tu.

Darasa la 12 nalo si la kupumzika. Vyuo vingi hudai ripoti ya katikati ya mwaka na hati ya mwisho, na nafasi iliyokwisha kutolewa inaweza kufutwa. Ukitaka kuacha somo uliloliandika kwenye maombi, kiandikie chuo kwanza, usubiri jibu, ndipo ulitoe kwenye ratiba.