Kami si miungu milioni nane

Jumapili iliyopita nilikuwa sebuleni na mpwa wangu, tunaangalia katuni ya Kijapani iliyoingizwa sauti ya Kiswahili. Msimuliaji akatamka, bila hata kumeza mate: "Wajapani wana miungu milioni nane." Nikanyamaza. Baadaye kidogo akaonekana mbweha wa jiwe, kavishwa kitambaa chekundu shingoni, kakaa kando ya lango. Msimuliaji akasema, "Na huyu ndiye mungu wao wa mpunga." Hapo nikaomba rimoti.

Neno lenyewe la Kijapani ni kami. Kwa kifupi, kami ni chochote chenye nguvu au upekee wa kumfanya mtu asimame, anyamaze, ainamishe kichwa. Kinaweza kuwa mlima, mti mkongwe, jua, jadi wa ukoo, hata mtu aliyekufa na kinyongo. Kami huwekewa jinja, yaani nyumba ya ibada, huandaliwa mchele, chumvi, maji na sake, pombe ya mchele, na siku ya matsuri, yaani sikukuu yake, hubebwa mabegani ndani ya kijumba cha mbao na kuzungushwa mitaani huku watu wakipiga kelele. Shinto, dini ya jadi ya Wajapani, ni mambo hayo pamoja na adabu zake. Maana ndiyo hiyo. Sasa tuje kwenye yanayoniudhi.

Hiyo milioni nane imetoka kwenye maneno yaoyorozu no kami. Yao ni mia nane, yorozu ni elfu kumi. Ukizidisha unapata 8,000,000, hesabu sahihi na tafsiri mbovu. Katika Kijapani cha kale nane ilikuwa namba ya kusema "tele". Katika hekaya zao, joka la Yamata no Orochi lina vichwa vinane na mikia minane, na kami aitwaye Susanoo alilimaliza baada ya kulilewesha kwa mapipa manane ya sake. Mama akikwambia amekuita mara mia, huendi kutafuta kalamu uhakikishe.

Na mbweha wa watu wasimsingizie. Kami wa mpunga anaitwa Inari, na mbweha ni wajumbe wake. Kumwita mbweha mungu ni kumpigia tarishi saluti ya mkurugenzi.

Lakini kosa kubwa ni hilo neno "mungu". Kiswahili hakituachii nafasi katikati. Ukisema Mungu, umesema Muumba, mmoja, mjuzi wa yote. Ukilitia wingi, miungu, tayari msikilizaji ameona sanamu na kafara, na kama ni mtu wa Pwani ameshasema astaghafirullah. Kami hakai upande wowote kati ya hizo mbili. Kojiki, kitabu chao cha masimulizi ya kale cha mwaka 712, hakianzi na mtu anayeumba mbingu na nchi. Kinaanza mbingu na nchi zikiwa ndiyo zinafunguka, na kami wanatokea humo humo. Kami wanakufa pia: Izanami aliungua alipomzaa kami wa moto, akaenda zake kuzimu. Na wananuna. Amaterasu, ambaye ndiye jua, alikasirishwa na mdogo wake Susanoo akajifungia pangoni, dunia ikawa giza. Wenzake hawakumbembeleza kwa dua. Mmoja alipanda juu ya beseni akacheza ngoma ya kujifunua maungo, kami wote wakaangua kicheko, na Amaterasu akachungulia aone wanacheka nini. Ukimwita huyo "Mungu", umemdhulumu yeye na umemdhulumu Mungu.

Mkanganyiko huu hatukuuanzisha sisi. Mmisionari Mkatoliki Francis Xavier alipofika Kagoshima, Japani, mwaka 1549, alishauriwa kumtaja Mungu kwa jina Dainichi. Akahubiri hivyo mpaka alipong'amua kwamba Dainichi ni Buddha fulani, akarudi kwenye Kilatini na kusema Deusu. Alipata somo lake. Karne ya 19 Waprotestanti walikuja wakiwa na Biblia ya Kichina mkononi, ambamo baadhi ya watafsiri walikuwa wametumia herufi ambayo Wajapani huisoma kami. Wakaichukua ilivyo. Tangu hapo Mkristo wa Japani akisali husema kamisama, na kamusi zikaandika kami ni sawa na Mungu, na sisi tukanakili kutoka kwenye kamusi hizo.

Sasa asili ya neno, na hapa naomba subira, maana ndipo nisipoweza kufupisha. Utasikia mtu akieleza kwamba kami maana yake ni "aliye juu", kwa sababu Kijapani kina neno jingine kami lenye maana ya juu. Linapendeza, tena linakaa vizuri masikioni mwetu tuliozoea kumwita Mola "aliye juu". Ila ni sawa na kusema kwamba paa, yule mnyama mdogo wa jamii ya swala, ameitwa hivyo kwa sababu akiruka ni kama anapaa, na ndiyo maana nyumba ina paa. Maneno yanafanana mdomoni tu. Kami nyingine ni karatasi, na nyingine ni nywele, na sijasikia mtu akidai Wajapani wanasujudia nywele. (Karatasi nimesikia. Kwenye daladala.)

Ushahidi upo kwenye maandishi. Karne ya 8 Wajapani waliandika lugha yao kwa kuazima herufi za Kichina kufuata sauti. Silabi ya mi ilikuwa na aina mbili, kila moja na kundi lake la herufi, na waandishi hawakuzichanganya, maana masikioni mwao zilikuwa sauti mbili tofauti. Mi ya kami wa kuabudiwa ilikuwa kundi moja, mi ya "juu" kundi jingine. Baadaye sauti hizo ziliungana, tofauti ikasahaulika, na dhana ya "aliye juu" ikapata mlango wa kuingilia. Msomi Hashimoto Shinkichi ndiye aliyeliweka wazi jambo hili mwaka 1917. Tena ukiliangalia neno ndani ya maneno mengine unakuta umbo la zamani zaidi, kamu. Kannushi, yaani mhudumu wa jinja, alikuwa kamunushi.

Aliyelifikiria neno hili kuliko wote ni Motoori Norinaga, daktari wa watoto wa mji wa Matsusaka. Mchana alikuwa akitibu, na kuanzia 1764 hadi 1798 alikuwa akiandika ufafanuzi wa Kojiki, juzuu 44. Kabla yake msomi Arai Hakuseki alikuwa amesema kami ni binadamu tu, wakubwa wa zamani. Norinaga hakukubali. Alipofika kwenye neno kami aliandika kwamba maana ya asili ya jina hilo bado hajaipata. Miaka yote hiyo, halafu anaandika hivyo bila aibu! Ndipo akaorodhesha wanaoitwa kami: wa mbinguni na wa duniani, watu, ndege, wanyama, miti, bahari, milima, chochote kisicho cha kawaida na cha kutia hofu. Akaongeza kwamba ubora huo si wema peke yake, hata uovu wa kupita kiasi umo. Akataja radi, mbweha, mbwamwitu, na matunda ya pichi ambayo Izanagi, mume wa Izanami, aliyatupa kuwafukuza mashetani wa kuzimu, yakapewa jina la heshima kama mtu. Matunda!

"Mjomba," mpwa wangu akasema, "basi si ungesema ni mizimu?"

Swali zuri. Linafaa kwa baadhi. Sugawara no Michizane alikuwa msomi wa ikulu, akasingiziwa, akafia uhamishoni Dazaifu mwaka 903. Mwaka 930 radi ikapiga ikulu, watu wakasema ni yeye. Wakamtuliza kwa jinja, na leo anaitwa Tenjin, wanafunzi wanamwandikia vibao vya mbao kuomba wafaulu mitihani. Huyo ukimwita mzimu sitagombana nawe sana. Lakini maporomoko ya Nachi, maji yanayoanguka mita 133, ni kami yenyewe kama yalivyo, na hakuna marehemu ndani yake. Mlima Miwa vivyo hivyo: jinja yake haina chumba cha ndani, kwa sababu aliyetakiwa kukaa humo ni huo mlima ulio nyuma.

Kiswahili nacho kinanibana. Niseme "kami huyu" au "kami hii"? Kijapani hakina ngeli, ila kina namna za kuhesabu, na kami huhesabiwa kwa neno hashira, yaani nguzo. Nguzo moja ya kami, nguzo mbili za kami. Mimi nasema huyu na hawa, kisha nikifika kwenye maporomoko ulimi unakataa.

Nilimrudishia mpwa rimoti. Nikamwambia akisimulia shuleni aseme kami, basi, asitafsiri. Desemba 2004 bahari ilipotufikia hadi huku Pwani, hatukukaa kulitafutia neno. Tulisema tsunami.