Hedhi kwa mama anayenyonyesha: yai hutangulia damu

Mama ameleta mtoto wa miezi 7 kliniki kupimwa uzani. Anataja kwa kupitia tu kwamba chuchu zinamuuma na asubuhi anasikia kichefuchefu. Mkojo unapimwa, mistari miwili inatokea. "Lakini sijaona mwezi tangu nijifungue," anasema, na anasema kweli. Katika mzunguko wa kawaida yai hutoka takriban wiki 2 kabla ya damu. Kwa hiyo, yai la kwanza baada ya kujifungua linaweza kutoka wakati hedhi ya kwanza bado iko njiani, na likikutana na mbegu, hedhi hiyo haifiki kabisa. Anayengoja damu ndipo aanze kupanga uzazi anangoja ishara inayofika imechelewa.

Kwanza tutenganishe damu mbili ambazo huchanganywa sana. Damu inayotoka baada ya kujifungua, ambayo Waislamu wa Eastleigh na Pumwani huiita nifasi, si hedhi. Hutoka pale kondo lilipokuwa limeshika, sehemu ambayo ni kidonda kinachopona. Siku 3 au 4 za kwanza huwa nyekundu, kisha hugeuka ya kahawia au waridi, mwishowe huwa majimaji ya manjano hafifu, na kwa kawaida huisha kati ya wiki ya 4 na ya 6. Kuongezeka kidogo mtoto anaponyonya, pamoja na tumbo kukaza, ni kawaida, kwa sababu kunyonya hufanya mji wa mimba ujikunje. Kwa mama anayenyonyesha kikamilifu, damu yoyote ndani ya siku 56 za kwanza haihesabiwi kuwa hedhi. Baada ya hapo, damu ya siku 2 mfululizo ihesabiwe hedhi hata kama ni chache.

Mama asiyenyonyesha hana muda wa kungoja. Yai lake linaweza kutoka mapema katika wiki ya 4, na hedhi mara nyingi hurudi kati ya wiki ya 6 na ya 8. Anayenyonyesha anaweza kukaa miezi michache au zaidi ya mwaka bila kuona siku zake, na zote mbili ni kawaida.

Tofauti hiyo hutoka wapi? Mtoto anapovuta chuchu, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo. Ubongo huongeza prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, na papo hapo hupunguza homoni zinazoamsha ovari, yaani vifuko vya mayai. Mayai hayakomai, homoni ya ovari iitwayo estrojeni hubaki chini, utando wa ndani wa mji wa mimba haujengeki, na pasipo utando wa kubomoka hakuna hedhi. (Estrojeni hiyo iliyo chini ndiyo pia hukausha uke na kufanya tendo la ndoa liume. Mafuta ya kulainisha yenye asili ya maji husaidia, na hali hiyo hupita.) Kinachoendesha haya yote ni kunyonya kwenyewe: mara ngapi, kwa muda gani, na mapengo yana urefu gani. Wingi wa maziwa si kipimo. Mama mwenye maziwa tele ambaye mtoto wake analala usiku kucha anaweza kurudi hedhini mapema kuliko jirani yake ambaye mtoto hang'oki titini hadi alfajiri. Usiku una uzito wake, kwa sababu prolaktini hupanda zaidi saa hizo.

Mwaka 1988 wataalamu waliokutana Bellagio, Italia, walikubaliana juu ya lini mama anaweza kutegemea kunyonyesha kama njia ya kupanga uzazi. Masharti ni 3, na lazima yote yawepo kwa wakati mmoja: mtoto hajatimiza miezi 6, hedhi haijarudi, na mtoto ananyonya kikamilifu au karibu kikamilifu, mchana na usiku. Kwa vitendo, pengo kati ya mnyonyo mmoja na mwingine lisizidi saa 4 mchana wala saa 6 usiku. Masharti yakishikwa, chini ya akina mama 2 kati ya 100 hushika mimba katika miezi hiyo 6, na hiyo ni kinga nzuri kabisa. Sharti moja likivunjika, hesabu hiyo haipo tena, na mama anahitaji njia nyingine siku hiyohiyo.

Hapo ndipo maisha ya Nairobi yanapoingilia. Likizo ya uzazi yenye malipo ni miezi 3. Chukua mama anayeishi Githurai na kufanya kazi Industrial Area. Ananyonyesha saa 11 alfajiri, anapanda matatu, na kwa msongamano wa Thika Road anamshika mtoto tena saa 1 jioni. Hizo ni saa 14. Mtoto hajaonja uji, yaya anampa maziwa ya mama yaliyokamuliwa, na kwa lishe ya mtoto kila kitu kiko sawa. Kwa ovari, pengo ni saa 14. Kukamua husaidia sana kulinda maziwa lakini hakuamshi ubongo sawasawa na kinywa cha mtoto. Utafiti wa Chile uliofuatilia akina mama waliorudi kazini wakikamua uliona mimba kwa takriban 5 kati ya 100 ndani ya miezi 6. Kwa hiyo, siku ya kurudi kazini iwe ndiyo siku ya mwisho ya kutegemea kunyonyesha peke yake, na njia nyingine iwe imeanza kabla ya siku hiyo. Na kukamua kusiachwe: Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyesha na atoe mapumziko ya hadi saa 1 kwa kila saa 8 za kazi, mbali na muda wa chakula.

Mapengo mengine huingia kimyakimya. Shosho anaanzisha uji mwezi wa 4 kwa sababu "mtoto hashibi". Mtoto anapewa maji ya glukosi, au chuchu ya plastiki anyamaze. Kila kijiko kinachojaza tumbo dogo hupunguza mnyonyo mmoja, na mama huona hedhi imerudi bila kujua kilichoileta.

Njia za kuchagua ni nyingi na hazikaushi maziwa. Kipandikizi cha mkononi chaweza kuwekwa hata kabla ya mama kutoka hospitalini. Koili huwekwa ndani ya saa 48 za kujifungua, na zikipita, isubiri hadi wiki ya 4. Sindano ya miezi 3 kwa anayenyonyesha huanza wiki ya 6, na wiki hiyo ndiyo ya chanjo ya mtoto, kwa hivyo safari moja yatosha mambo mawili. Vidonge vyenye homoni moja vinafaa, ila vinywewe saa ileile kila siku. Vile vyenye estrojeni visubiri hadi mtoto atimize miezi 6. Ujue pia kwamba sindano na kipandikizi hubadilisha damu: matone yasiyo na ratiba, au kutoona kabisa kwa miezi. Hilo halisemi lolote kuhusu maziwa, wala damu haijirundiki tumboni kama inavyodhaniwa.

Hesabu ya "siku salama" na programu za simu za kuhesabu mzunguko tusizitumie kuzuia mimba kipindi hiki. Zinakisia kwa kutazama mizunguko iliyopita, na mizunguko hiyo haipo. Subiri uone angalau mizunguko 3 na iwe imetulia.

Hedhi zenyewe zikirudi huwa na fujo. Ya kwanza inaweza kuwa matone ya siku 2 au mkondo mzito wa siku 7. Inayofuata ije baada ya siku 24, nyingine baada ya siku 50. Mizunguko mingine haina yai, mingine yai hutoka lakini nusu ya pili ya mzunguko ni fupi mno kushikilia mimba, na taratibu yote hurudi kwenye mstari kadiri mtoto anavyopunguza kunyonya. Siku chache kabla ya damu chuchu huweza kuuma na maziwa kupungua kidogo. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi siku hizo, yatarudi.

Maziwa ya mama aliye hedhini ni safi. Damu haiingii kwenye maziwa, nayo hayachachi kifuani. Ile hofu ya kumbemenda mtoto, yaani mtoto kudhoofika kwa sababu wazazi wamekutana au mama ameshika mimba, imewafanya wengi kuwaachisha watoto ziwa ghafla, na kuachishwa huko, chakula kikiwa duni, ndiko humdhoofisha mtoto. Hata mama mwenye mimba changa kwa kawaida anaweza kuendelea kunyonyesha, akishauriana na kliniki iwapo amewahi kujifungua kabla ya wakati.

Miezi isiyo na hedhi humsaidia mama kurudisha madini ya chuma aliyopoteza. Hedhi nzito ikianza, maharagwe, ndengu, managu, terere na omena viandamane na chungwa au nyanya, na chai isogezwe saa moja au mbili mbali na mlo, kwa kuwa majani ya chai huzuia chuma kufyonzwa. Vidonge vya chuma vya kliniki vimalizwe.

Pedi ikiloa kabisa ndani ya saa 1, na inayofuata vilevile, usingoje asubuhi. Hali kadhalika damu nyekundu kali iliyorudi baada ya kukauka huku ukihisi kizunguzungu, mabonge makubwa, uchafu wenye harufu mbaya, homa, au maumivu ya chini ya tumbo yanayozidi. Kipande cha kondo kilichobaki kinaweza kutoa damu wiki kadhaa baada ya kujifungua, na maambukizi ya mji wa mimba hayaponi kwa dawa ya kununua dukani.

Ukimya nao una maana yake. Mama aliyeacha kunyonyesha na miezi 3 ikapita bila hedhi apimwe: mimba kwanza, halafu tezi ya shingo na homoni nyingine. Kuna hali moja inayochelewa sana kugunduliwa. Mama alipoteza damu nyingi sana wakati wa kujifungua, maziwa yakakataa kutoka tangu mwanzo, hedhi hairudi, amechoka siku zote, anahisi baridi, nywele za kwapa zinapungua. Huenda tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo iliumia kwa kukosa damu. Amwambie daktari mambo hayo yote kwa pamoja, akianza na ile damu ya siku ya kujifungua.

Na mama mwenye shaka ya mimba bila kuona hedhi apime mkojo wiki 3 baada ya tendo la mwisho lisilo na kinga, kwani kunyonyesha hakuharibu kipimo. Kipimo kikionyesha mimba, kliniki itauliza tarehe ya hedhi ya mwisho. Asibuni. Aseme hana, aombe picha ya ultrasaundi mapema, kabla ya wiki ya 24, maana ndiyo itakayotoa tarehe ya kujifungua inayoaminika.