Kutambuliwa kwa Askari wa Zamani: Maana Yake kwa Wafilipino Waliopigania Marekani

Kutambuliwa kwa askari wa zamani ni tendo la kisheria: serikali inakiri kwamba mtu fulani aliitumikia katika jeshi lake, na kwamba kwa sababu hiyo anastahili pensheni, matibabu na mafao mengine. Kupigana vitani peke yake hakumpatii mtu haki hiyo, kama walivyokuja kugundua Wafilipino.

Tarehe 26 Julai 1941, Rais Franklin Roosevelt aliamuru jeshi la Ufilipino, nchi iliyokuwa bado chini ya Marekani, liingizwe katika utumishi wa majeshi ya Marekani. Wafilipino zaidi ya 250,000 walitumikia katika Vita vya Pili vya Dunia, wakiwamo walioshika silaha Bataan, rasi ya Ufilipino, hadi iliposalimu amri Aprili 1942, wakaswagwa na Wajapani kwa miguu, wenye njaa na malaria, kuelekea kambi ya mateka ya O'Donnell, na wengine walioendelea kupigana msituni.

Mwezi Februari 1946, Bunge la Marekani lilitenga dola milioni 200 kwa ajili ya jeshi la Ufilipino, lakini likaambatanisha sharti kwamba utumishi wake usihesabiwe kuwa utumishi wa kijeshi wa Marekani, isipokuwa kwa mafao machache, hasa ya ulemavu na kifo, ambayo nayo yangelipwa peso moja badala ya kila dola, yaani nusu. Rais Harry Truman alitia saini huku akipinga sharti hilo. Saini ndiyo iliyofanya kazi. Wanajeshi wa Kifilipino walioitwa Skauti wa Zamani, waliokuwa sehemu ya jeshi la kudumu la Marekani, hawakuguswa, ingawa walipigana vita vilevile.

Sheria ya 1990 iliwafungulia askari wa zamani wa Kifilipino mlango wa uraia wa Marekani, na wengi walihamia Marekani wakiwa wazee. Mwaka 2009 waliobaki hai waliahidiwa malipo ya mkupuo mmoja: dola 15,000 kwa raia wa Marekani na 9,000 kwa asiye raia. Hata hapo, utumishi wao ulitambuliwa kwa madhumuni ya malipo hayo tu, na aliyeyapokea alihesabiwa kuwa ameachilia madai mengine yatokanayo na utumishi huo. Medali ya Dhahabu ya Bunge, waliyokabidhiwa Oktoba 2017, ni heshima isiyo na pensheni ndani yake. Wapiganaji wa msituni ndio waliokwama zaidi, kwani maombi mengi yalikataliwa kwa kuwa majina yao hayakuonekana katika orodha zilizoandaliwa na jeshi la Marekani baada ya vita.